Kula Mpaka Uone Ua

Ukitaka kujua kama nyumba ya Mwafrika hapa Fairfield, Sydney, iko na mwanamke wa maana, usiulize mtu. Geuza sufuria. Ukiona meno yako kwa ile sehemu ya chini, jua hapo kuna mwenyewe.

Katungu alilelewa hivyo huko Butembo, Kongo mashariki. Mama mkwe wake alikuwa akija kuwatembelea anapita watu wote sebuleni bila salamu, anaenda moja kwa moja jikoni kugeuza vyombo, halafu ndiyo anarudi kusalimia, na kulingana na alichokiona huko unajua salamu itakuwa ya aina gani. Kwa hiyo Katungu alipofika Sydney na watoto watatu, wale watu wa shirika la kupokea wakimbizi wakampa vitu vya kuanzia maisha, na ndani yake kulikuwa na sufuria mbili nyeusi, zile ambazo chakula hakishiki. Katungu akauangalia ule weusi akasikitika. Akajiambia, Wazungu hawa nao, unampaje mtu sufuria yenye masizi? Akatafuta waya wa kusugulia, akasugua siku mbili. Masizi yakatoka yote. Akaniita nipande nikaone, maana mimi na mke wangu tunakaa flati ya chini yake, na kwa kweli zilikuwa zinang'aa vizuri sana. Chakula kikaanza kushika siku hiyo hiyo.

Mimi sikucheka. Yetu ilikuwa imeshapitia mikononi mwa Waceke mwaka wetu wa kwanza hapa, na ndiye mke wangu, na ana digrii.

Nawaambia haya mapema ili tukifika kule mbele msiseme Katungu alifanya makusudi.

Ni mama wa miaka arobaini na sita, mjane, mfupi, anatembea kama mtu aliyechelewa basi hata akiwa anaenda kulala. Watu wa Butembo ni wafanyabiashara, wanajua bei ya kila kitu kabla hujakitoa kwenye mfuko, na mimi nilikuwa namtania kwamba yeye walimsahau wakati wanagawa hiyo akili. Alianza kazi kwenye ghala huko Wetherill Park, anapakia maboksi, mpaka mgongo ukakataa. Akasoma kile cheti cha kutunza wazee, darasa la miezi sita alilosoma kwa mwaka mzima, kwa sababu ya Kiingereza. Kampuni moja ya hapa ikamchukua. Na nyumba ya kwanza waliyompa ikawa ya Bibi Olwen.

Bibi Olwen alikuwa na miaka themanini na tisa. Watu wake walitoka Wales, hiyo nchi ndogo iliyogandana na Uingereza, na yeye aliletwa hapa akiwa mtoto. Hakuzaa. Mume alishakufa. Alikuwa ameanguka bafuni, akalazwa wiki tatu, akarudi nyumbani akiwa amekataa chakula. Si kwamba alikuwa na hasira. Alikuwa amekisahau tu, kama mtu anavyosahau mwavuli. Kilo arobaini na moja. Daktari alishasema kwamba akishuka chini ya arobaini, hakuna tena kukaa nyumbani, anapelekwa kwenye nyumba ya wazee. Na hicho ndicho kitu pekee ambacho Bibi Olwen alikumbuka kila siku kukiogopa.

Katungu alimwita Koko, yaani bibi, kama Wakongo wanavyoita. Bibi Olwen alidhani ndilo jina lake jipya, akaliitikia bila shida.

Sasa, kampuni ilikuwa inaleta chakula kwenye sahani za plastiki za kijani, zenye vyumba vitatu, nyama huku, viazi huku, na kitu cha rangi ya chungwa huku. Katungu aliniambia hicho chombo kilimkata maini. Kwao, anayelishwa kwenye plastiki ni mtoto anayejifunza kutembea, au mbwa. Mzee anapewa sahani nzuri ya nyumba. Na sahani nzuri zilikuwepo, anaziona kila siku akipangusa vumbi, kwenye kabati la vioo sebuleni. Sita, nyeupe, zimesimamishwa kama picha.

Kwa Mzungu, ukiona sahani imesimama hivyo, maana yake usiguse. Kwetu sahani ikiwa kwenye kabati la vioo maana yake inasubiri mgeni. Sasa mgeni gani mkubwa kuliko mtu wa miaka themanini na tisa, ambaye leo yupo na kesho hujui? Katungu akafungua kabati. Halikuwa na kufuli.

Siku hiyo aliponda viazi na mchuzi akavipakua kwenye sahani. Bibi Olwen akaangalia. Akaangalia sana. Halafu akachukua uma akasogeza viazi kidogo pembeni, akaona jani la kijani limechorwa. Akasogeza tena, akaona kipande cha waridi. Akala kile alichosogeza, kwa sababu kilikuwa tayari kwenye uma. Akaendelea hivyo, anachimba, anakula, mpaka ua zima likatokea, la rangi ya waridi, na jani lake moja limejikunja.

Akaanza kuongea. Mtu ambaye alikuwa anasema ndiyo na hapana tu, aliongea mpaka muda wa Katungu ukaisha na basi likampita. Alisema hizo sahani zilitengenezwa kijiji kinaitwa Nantgarw, huko Wales, zaidi ya miaka mia mbili iliyopita. Udongo wake ulikuwa wa ajabu, mweupe na mwepesi, ukiinua sahani kwenye dirisha unaona kivuli cha vidole vyako upande wa pili. Lakini ndani ya tanuru ulikuwa unalegea kama mkate mbichi, vyombo vingi vinapinda na kuharibika, na kiwanda kikafa baada ya miaka michache. Zilizopona zilichorwa kwa mkono, moja moja. Kwa hiyo kila sahani ina ua lake, na hakuna lililofanana na lingine. Bibi yake mzaa mama alizibeba kwenye meli zikiwa zimefungwa ndani ya mashuka.

Katungu alielewa nusu ya hayo. Nusu aliyoielewa ni kwamba kila sahani ina ua tofauti.

Basi ikawa mchezo. Kila siku anachukua sahani nyingine, anafunika ua kwa chakula, anaweka mezani. Koko anatakiwa kubahatisha: leo ni waridi, au lile la buluu, au ile yenye kipepeo? Wanangu walilishwa uji hivyohivyo kwenye kikombe chenye picha ya simba chini. Bibi Olwen alikuwa anadanganya, anachungulia pembeni, na Katungu anampiga kofi la mkono kidogo. Siku moja alimpakulia sombe kutoka duka la Wakongo hapa Fairfield, majani ya muhogo, yamefunika sahani yote kama shamba. Bibi Olwen akasema inafanana na kitu kilichotolewa kwenye mtaro. Akaimaliza.

Baada ya miezi mitano alikuwa na kilo arobaini na saba. Kampuni ilimtumia Katungu barua ya pongezi, akaibandika kwenye friji.

Na kila siku, baada ya chakula, Katungu alifanya alichofundishwa. Alichukua waya akasugua sahani mpaka ikatoa sauti.

Rhonda alikuja mwezi wa kumi na moja. Ni binti wa dada yake Bibi Olwen, mama wa miaka sitini na kitu, anaishi mbali huko kaskazini, na ndiye ndugu pekee aliyebaki. Zile sahani zamani zilikuwa kumi na mbili. Dada wawili walipoolewa waligawana, sita sita. Sita za mama yake Rhonda zilikwenda na mafuriko, pamoja na picha, pamoja na nguo za arusi, pamoja na nyumba yenyewe. Kwa hiyo alipofungua lile kabati, Rhonda hakuwa anatafuta sahani. Alikuwa anatafuta meza ya mama yake.

Tatu hazikuwa na ua tena. Nyeupe tupu, na kivuli fulani katikati, kama ukutani palipotolewa picha. Nyingine tatu zilikuwa na maua yaliyochoka. Dhahabu ya ukingoni ilikuwa imeondoka kwa zote.

Katungu alikuwa jikoni. Anasema Rhonda hakupiga kelele. Alikuja mlangoni na sahani moja, akauliza hii imekuwaje, Katungu akasema kwa furaha kabisa, nimeosha. Rhonda akaketi sakafuni. Hakuanguka, aliketi, na sahani mapajani, mpaka Bibi Olwen kutoka sebuleni akauliza kwani chakula cha leo kiko wapi.

Kesho yake Katungu akaambiwa asiende kazini mpaka aitwe.

Barua ilikuja na maneno mazito. Waceke, ambaye ni nesi, aliisoma mara mbili. Akatueleza kwamba hapa suala si kupoteza nyumba ya Bibi Olwen tu. Ikiandikwa kwamba uliharibu mali ya mzee kwa kujua, ile karatasi ya ruhusa ya kufanya kazi na wazee wanaweza kukunyang'anya, na bila hiyo karatasi hakuna kampuni Sydney nzima itakufungulia mlango. Na ghalani mgongo ulishakataa. Watoto watatu juu ya mwanamke mmoja, na huyo mmoja juu ya karatasi moja.

Barua ilisema anaweza kuja na mtu wa kumsindikiza kikaoni. Akanichagua mimi, ati kwa sababu Kiingereza changu kina sauti kubwa. Waceke akasema hilo ni kweli, sauti ipo.

Ndani ya gari nilimpa shauri. Nilimwambia Bibi Olwen anasahau mambo, kila mtu anajua hivyo, hata daktari ameandika. Sema yeye ndiye aliyekuomba utumie hizo sahani. Nani atakataa? Na ukiulizwa kama uliona maua yanatoka, sema hukuona, macho yako si mazuri. Hayo ni maneno mawili tu, na unarudi kazini. Binti mkubwa wa Katungu, Aksanti, alikuwa kiti cha nyuma, nilikuwa nampeleka shule. Akasema kwa Kiingereza kwamba mimi nina akili, na kwamba mama yake asianze kueleza hadithi ndefu, aseme samahani basi. Katungu aliangalia nje mpaka tukafika.

Tulikuwa wanne chumbani. Menaja, mama mpole mwenye sauti ya daktari wa meno kabla hajakuchoma sindano. Rhonda, na sahani moja imefungwa kwenye taulo. Katungu, amevaa kitenge cha Jumapili. Na mimi, nimeshaambiwa mlangoni kwamba msindikizaji anakaa, haongei, ambayo kwa mtu wa aina yangu ni kifungo.

Menaja aliuliza taratibu, moja baada ya nyingine. Nani alifungua kabati? Je, Bibi Olwen alimwomba?

Niliweka mguu wangu karibu na wa Katungu chini ya meza.

"Nilikamata miye," Katungu akasema, yaani alizichukua yeye mwenyewe, kwa Kiswahili kwanza, kama anajaribu uzito wake, halafu kwa Kiingereza chake. "Koko hakunituma."

Menaja akaandika. Nikamwangalia akiandika, nikaona ni mstari mrefu kuliko maneno yaliyosemwa.

Rhonda akafungua taulo. Hakuwa na hasira usoni, na ndiyo ilinitisha. Akaeleza polepole, kama anamfundisha mtu ambaye bado anaweza kuitumia elimu hiyo. Kwamba yale maua hayako ndani ya sahani. Sahani ilichomwa kwanza, ikapata ngozi yake ya kung'aa, ndipo mchoraji akaja na brashi akachora juu ya hiyo ngozi, na dhahabu ikapakwa juu yake, ikarudi kwenye moto mdogo. Kwa hiyo ua limekaa juu, kama unga juu ya meza. Ukiosha kwa maji vuguvugu na kitambaa laini, litakaa miaka mia mbili. Ukisugua kwa chuma, unalifuta.

Katungu aliisikiliza yote. Akanyoosha mkono akagusa katikati ya sahani kwa kidole, pale pasipo na kitu.

Halafu Rhonda akauliza lile swali. Akauliza kama aliona maua yanapotea.

Nilikuwa nimeshamwambia cha kujibu. Mguu wangu ulikuwa juu ya mguu wake kabisa sasa, na ninavaa kiatu namba kumi na moja.

"Niliona," Katungu akasema.

Menaja akamwambia kwamba si lazima ajibu haraka, anaweza kufikiri kwanza. Alikuwa anamsaidia, huyu mama, mimi niliona. Katungu akasema alishafikiri. Akasema aliona mwezi wake wa tatu kazini, ua la kwanza limekuwa jepesi. Alidhani ni kama nguo, kitu kikifuliwa kinapauka, hakujua ni waya. Lakini aliona. Na hakuacha, kwa sababu siku aliyojaribu kurudisha ile sahani ya kijani, Koko aliisukuma akafunga mdomo siku mbili, na mtu wa mizani alikuwa anakuja Ijumaa. Kwa hiyo ua moja likiisha, aliiweka sahani hiyo kando akaendelea na zilizobaki.

Hapo ndipo Kiingereza kilimwishia. Akanigeukia, akaongea Kiswahili chake cha Kongo, na menaja akaniruhusu nitafsiri, kazi yangu pekee siku ile. Alisema hivi: "Mwambie miye sikujua ile maua ilikuwa ya mama yake. Ningejua, ningemuuliza. Lakini mwambie tena, batu balinipa muzee, habakunipa sahani."

Nikatafsiri. Walinipa mzee, hawakunipa sahani. Nilitafsiri vizuri, na kwa sauti ndogo, ya kwanza maishani mwangu.

Rhonda alianza kuifunga sahani kwenye taulo, akaifunga vibaya, akaifungua, akaifunga tena.

Kikao kikaisha bila jibu. Jibu litakuja kwa barua. Tukatoka nje, na nimeshaanza kumwambia Katungu kwamba amejinyonga kwa kamba yake mwenyewe, kwamba hata shetani angempa nafasi ya kudanganya angalau mara moja, nikaona Rhonda anatufuata pale tulipoegesha gari. Akasimama mbali kidogo. Akasema hafuti malalamiko yake. Tukasema sawa. Akasema tangu Katungu aondoke amekuja mfanyakazi mwingine, mtu mzuri, na Bibi Olwen amepungua kilo nne. Yeye mwenyewe amempikia kila kitu. Anafunga mdomo.

Akauliza alikuwa anafanyaje.

Katungu angeweza kunyamaza. Mimi ningenyamaza, nasema ukweli. Yeye akaweka mkoba chini, akaonyesha kwa mikono: chakula laini, unakitandaza hivi, ua lisionekane hata jani. Usimwambie ni lipi. Akichungulia, mkataze, lakini mwache kidogo achungulie.

"Nimebaki na tatu tu zenye maua," Rhonda akasema. "Nazo zikiisha?"

"Zikiisha," Katungu akasema, "atakuwa amekula."

Rhonda akaingia kwenye gari lake. Sisi tuliondoka tukamwacha amekaa ndani, injini imezimwa.

Alizitumia. Tulijua kwa yule mfanyakazi mwingine, Keza, dada wa Kinyarwanda, ambaye alisema Rhonda anaziosha mwenyewe kwa kitambaa cha mtoto, na anatoka nje ya chumba wakati Bibi Olwen anakula, kwa sababu hawezi kuisikia sauti ya uma. Bibi Olwen alikula. Hakupelekwa nyumba ya wazee. Alikufa kitandani kwake mwezi wa nne, na Rhonda alipiga simu kumwambia Katungu siku ya mazishi, ujumbe wa nusu dakika, hakuna neno la ziada. Tulikwenda, tukakaa nyuma. Mtu anaweza kuchukua shauri lako, likamsaidia, na bado asitake kukuona nyumbani kwake. Nilikuwa sijui hivyo. Sasa najua.

Barua ya kampuni ilikuwa imekuja mwezi wa kwanza. Karatasi ya ruhusa hawakumnyang'anya. Kwa kuwa alisema ukweli, waliandika, na kwa kuwa mteja aliongezeka uzito. Lakini onyo litakaa kwenye faili lake miaka mitatu, na kila familia anayopelekwa lazima iambiwe kwanza kwamba vitu vya thamani vifungiwe. Katungu akaniuliza hiyo ni kushinda au kushindwa. Nikamwambia ni kazi. Akaenda kazini.

Nyumba aliyo nayo sasa iko Villawood, mzee mmoja Mtaliano, mguu mmoja, matusi mengi. Siku ya kwanza nilimpeleka mimi kwa sababu treni zilikuwa na matengenezo. Binti wa huyo mzee alifungua mlango akiwa na aibu usoni, unaona kabisa ameshapigiwa simu na hajui aanzie wapi. Nyuma yake, sebuleni, kulikuwa na kabati la vioo, na ndani yake vikombe vidogo vya kahawa.

Katungu hakumsubiri aseme. Alisimama kizingitini, miguu yote miwili nje, akalionyesha kabati kwa kidevu.

"Fungeni kwanza," akasema kwa Kiingereza. "Halafu miye naingia."

Yule binti akaenda kutafuta ufunguo. Alikawia, inaonekana halikuwa limefungwa miaka mingi. Katungu alisubiri pale nje, mkoba begani, anaangalia barabara, na mzee kutoka ndani anauliza kwa kelele kama chakula kitaletwa leo au kesho.